Kifuniko, Springi na Vumbi: Simu za Kufunua Zilivyopanda Usambara

Dindira ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, juu kwenye mgongo wa Usambara Magharibi. Ni nchi ya Washambaa, ya migomba, mahindi na mashamba ya chai. Barabara zake ni za udongo: kiangazi hutimua vumbi jekundu, masika hugeuka utelezi. Ukiteremka bondeni unaukuta mji wa Korogwe, mji wa reli, mkonge na Mto Pangani.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini historia ya kifuniko cha simu ianzie mahali kama hapa. Vifuniko hivyo vilichorwa Marekani, Finland, Japani na Korea, na vingi vikaundwa viwandani China. Lakini kifaa chenye kiungo kinachocheza hakimalizi mtihani wake kiwandani. Kiwandani mashine hukifungua na kukifunga mara maelfu ndani ya chumba safi. Huku kwetu hufunguliwa na mkono uliotoka kuchuma chai, hutiwa mfukoni pamoja na sarafu na chembe za udongo, huanguka kutoka kwenye pikipiki, na usiku hulala kwenye ukungu wa mlimani. Historia za simu hizi zimeandikwa na waliozibuni na waliozinunua mpya. Waliozipata baadaye, na mafundi waliozirudishia uhai, hawamo. Ukiwatia humo, habari nzima inageuka: anayeamua ni vumbi.

Kabla ya umeme: kifuniko cha saa

Springi ilianza kusafiri na mwanadamu zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 16, mafundi wa kusini mwa Ujerumani, anayetajwa zaidi akiwa Peter Henlein wa Nuremberg, waliunda saa ndogo zilizoendeshwa na utepe wa chuma ulioviringishwa badala ya mawe ya kuning'inia. Saa ikashuka kutoka mnarani ikaingia mfukoni. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni inayotawala springi zote: ukiivuta mara mbili zaidi, nayo hurudi kwa nguvu mara mbili. Kwa kanuni hiyo fundi anaweza kukadiria, kabla hajakata chuma, kidole kitatumia nguvu kiasi gani kufungua kifuniko na kifuniko kitafunguka kwa kasi gani.

Saa ya mfukoni ilikuwa na maadui wawili, pigo na vumbi. Kioo chake kilivunjika kwa wapanda farasi na wawindaji, na chembe moja ya mchanga ilitosha kusimamisha magurudumu yake. Watengenezaji wakaiwekea kifuniko cha chuma chenye bawaba na springi ndogo iliyofichwa ukingoni. Ukibonyeza kitufe cha juu, kifuniko kiliruka chenyewe, ukasoma saa, ukakifunga. Huyo ndiye babu wa simu zote za kufunua. Ni vizuri kukumbuka kilichomzaa: kifuniko kilitengenezwa ili kuzuia pigo na vumbi.

Bonde la Pangani liliziona saa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wameshafika Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, na baadaye wakawa na kituo Korogwe. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Treni haiendi bila saa, na stesheni ililazimisha mji mzima uhesabu dakika. Chombo kidogo cha chuma, chenye kufunguka kwa kubonyeza na kubebwa mfukoni na mtu mwenye madaraka: picha hiyo ya heshima ilikuwapo bondeni karibu miaka mia moja kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kulia mahali hapo.

1932 hadi 1984: kiberiti na redio kaseti

Mwaka 1932, katika mji wa Bradford, Pennsylvania, George Blaisdell alianzisha kampuni ya kiberiti cha petroli alichokiita Zippo. Kifuniko chake kilikuwa na nundu ndogo ya chuma iliyokandamizwa na bapa la springi. Kilikuwa na tabia moja ambayo simu zingeirithi nzima nzima: hakikubali kukaa nusu. Ukikisukuma kidogo, kinarudi kufunga. Ukikivusha nundu, springi inakimalizia safari kwa mlio wa "kla!" Hali zikawa mbili tu, wazi au kufungwa, na mkono hujua bila jicho kuangalia.

Miaka ya 1960 wazo hilo liliigusa simu. Nchini Italia, Marco Zanuso na Richard Sapper walibuni Grillo, simu ya mezani iliyojikunja kama kombe na kujifunua ikiinuliwa. Marekani, mwaka 1966, tamthilia ya Star Trek ikaonyesha mabaharia wa angani wakifunua kifuniko cha kifaa cha mkononi ili wazungumze. Kizazi kizima cha wahandisi wa huko kilikua kikiitazama picha hiyo. Kwetu haikuonekana. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo simu ya kufunua ilipofika, wenzetu ng'ambo waliipokea kama ndoto iliyotimia, na sisi tuliipokea kama kitu kipya kabisa. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu asiye na ndoto ya kutimiza hukipima kifaa kwa kazi kinayofanya.

Hata hivyo, watu wa Korogwe na milima yake hawakuwa wageni wa springi. Waliifahamu kwenye redio kaseti. Bonyeza kitufe, mlango wa kaseti unafunguka taratibu, kwa adabu, kwa sababu ndani ya kiungo mna mafuta mazito yanayoipunguza springi kasi. Redio ilikuwa na nafasi kubwa katika nchi hii: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya 1975 ziliendeshwa kwa vikundi vya wasikilizaji vijijini. Redio zenye kaseti ziliongezeka baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Hapo ndipo wakazaliwa mafundi redio wa kila senta ya soko, na jambo la kwanza walilojifunza kuhusu mlango wa kaseti ni kwamba unapogoma, mara nyingi springi ni nzima. Kilichoharibika ni mafuta, yaliyochanganyika na vumbi yakawa gundi. Mafundi hao, au vijana waliokaa kwenye benchi zao, ndio waliogeuka kuwa mafundi simu.

1989 hadi 1999: simu inajikunja

Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi jijini New York tarehe 3 Aprili 1973. Toleo la biashara, DynaTAC 8000X, liliidhinishwa mwaka 1983 kwa bei ya dola 3,995, nalo lilikuwa refu na zito kama tofali. Simu ilipaswa kutoka sikioni hadi mdomoni, na urefu huo haukuingia mfukoni. Hili ndilo tatizo lililokuza vifuniko: uso wa mtu haupungui hata kama vipande vya umeme ndani ya simu vinapungua. Suluhisho likawa kukunja.

Mwaka 1989 Motorola ilitoa MicroTAC, iliyokuwa na ulimi wa plastiki ulioteremka kuelekea mdomoni. Tarehe 3 Januari 1996 ikaja StarTAC, gramu 88, iliyofunguka katikati, kioo na vitufe chini, spika ya sikio juu. Bawaba yake ilibeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Ilishikilia vipande viwili kwa springi, na ilipitisha waya wa umeme katikati ya kiungo kinachozunguka. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuleta machozi.

Wakati huo huo Tanzania ilikuwa inafungua milango ya mawasiliano. Sheria ya mwaka 1993 ililigawa shirika la posta na simu, kampuni ya simu ya TTCL ikaundwa, na mwaka 1994 Mobitel ikaanza huduma ya kwanza ya simu za mkononi Dar es Salaam. Simu zilikuwa za wafanyabiashara wakubwa na vigogo. Simu ya kufunua ilisikika na kuonekana mezani katika hoteli za jiji, ikifungwa kwa mlio ili kila mtu ajue mazungumzo yamekwisha.

Nokia nayo ilichukua njia ya kuteleza. Simu yake ya 8110 ya mwaka 1996 ilikuwa na kifuniko cha kusukumwa kwa kidole. Watengenezaji wa filamu ya The Matrix ya 1999 waliitia springi ili kifuniko kifyatuke mbele ya kamera, na mwaka huohuo Nokia ikauza 7110, simu ambayo kweli ilikuwa na kitufe mgongoni cha kufyatua kifuniko. Katika karne iliyotangulia, mara chache filamu na kiwanda viliendana kwa ukaribu hivyo.

2002 hadi 2008: vifuniko vinavyozunguka

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipofika kileleni. Kufikia mwaka 2002 kujikunja kulikuwa jambo la kawaida, na wabunifu wakatafuta njia nyingine ya kufungua. Motorola ikatoa V70, ambayo kifuniko chake hakikuinuka. Kilizunguka kwenye mhimili uliokuwa mahali pa kioo, kama mkono wa saa, hadi vitufe vikabaki wazi. Mwaka huohuo huko Marekani, kampuni ya Danger, iliyoanzishwa na Andy Rubin, Joe Britt na Matt Hershenson, ikatoa Hiptop, iliyouzwa zaidi kwa jina la Sidekick. Ukisukuma pembe ya kioo chake kwa kidole gumba, kioo kizima kilizunguka nusu duara kwa nguvu ya springi na kufichua vitufe vya kuandikia. Vijana walikuwa wakiifyatua hata bila ujumbe wa kuandika, kwa raha ya mkono. Rubin huyo ndiye aliyekwenda baadaye kuanzisha Android.

Siri ya kifuniko kinachozunguka inafaa kuelezwa polepole, maana ni nzuri. Chukua mabati mawili membamba yaliyopigiliwa pini moja inayoyaruhusu kuzungukiana. Weka springi kati yake, mkia mmoja umeshikwa na bati la juu, mkia wa pili na bati la chini. Kifuniko kikiwa kimefungwa, mikia hiyo iko mbali na springi imetulia. Ukianza kuzungusha, mikia inakaribiana na springi inabanwa. Kidole chako ndicho kinachoitia nguvu. Katikati ya safari springi imebanwa kuliko mahali pengine popote. Ukivuka hapo hata kwa upana wa unywele, mikia inaanza kuachana upande wa pili, na nguvu uliyoitia inarudi karibu yote kama msukumo. Unafanya nusu ya kazi, springi inafanya nusu iliyobaki. Hakuna injini wala betri inayoliwa. Sumaku ndogo ndani ya kifuniko huiambia simu kwamba sasa imefunguliwa, nayo huwasha taa na kupokea simu.

Motorola ilirudia wazo hilo mwaka 2008 kwa simu ya Aura, iliyouzwa kwa karibu dola 2,000, yenye kioo cha duara cha yakuti na mhimili uliotengenezwa Uswisi kwa ufundi wa saa. Duara lilikuwa limekamilika: kifuniko kilichozaliwa kwenye saa kilirudi kwa mafundi saa. Sidhani kama mhimili bora zaidi ya huo umewahi kutiwa ndani ya simu. Lakini wakati huo vita vilikuwa vimeshaamuliwa mahali pengine kabisa.

2003 na 2004: simu mbili

Vodacom ilianza huduma Tanzania mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Minara ikafuata barabara kuu, kisha ikaanza kusogea vijijini. Milimani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa mgongo wa mlima hulificha bonde lisipate mawimbi, na watu walijua kwa kukariri ni jiwe gani au kona gani ya njia inayoshika mtandao. Sheria ya mwaka 2006 ililazimika kuunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili sehemu ambazo kampuni hazikuona faida nazo zifikiwe.

Katika miaka hiyo dunia ilipewa simu mbili. Motorola RAZR V3, ya mwaka 2004, ilikuwa nyembamba, milimita 13.9 ikiwa imefungwa, ya aluminiamu, na bawaba yake ya springi ilikuwa kazi ya sanaa. Ukoo wake uliuza zaidi ya milioni 130. Nokia 1100, ya mwaka 2003, haikuwa na kiungo chochote kinachocheza. Vitufe vyake vilikuwa kipande kimoja cha mpira kilichozuia vumbi lisiingie, pembeni palikuwa na ngozi isiyoteleza mkononi, na kichwani taa ya tochi. Iliuza milioni 250.

Watu wengi huieleza tofauti hiyo kwa bei, na bei ina sehemu yake. Lakini simu za kufunua za mtumba kutoka Dubai na Ulaya zilishuka bei upesi, na mtu wa Korogwe aliyetaka RAZR iliyotumika aliweza kuipata. Mimi naamini ile ya mpira ilishinda kwa sababu ilikuwa imefikiria vumbi na giza. Walioibuni waliiunda kwa ajili ya nchi zinazoendelea, wakakubali kwamba mtumiaji anatembea kwenye udongo, hana umeme nyumbani, na fundi wake ana bisibisi moja. Wabunifu wa simu ya kufunua walimfikiria mtu aliyekaa ofisini. Kitochi hicho kikawa simu ya mlimani. Kikaanguka, kikapanguswa, kikaendelea. Mwaka 2008 Vodacom ilipoanzisha M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, huduma hiyo ilifanya kazi kwenye simu ya aina hiyo bila kudai kioo kikubwa wala kifuniko. Fedha za ada, za mbolea na za matanga zikaanza kupita kwenye vitufe vya mpira.

2006 hadi 2016: simu za Mchina na benchi la fundi

Hata hivyo, vifuniko havikukosa wapenzi. Katikati ya muongo huo kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuuza chipu iliyokuja na karibu kila kitu ndani yake, kiasi kwamba karakana ndogo ya Shenzhen iliweza kuunda simu kamili kwa muda mfupi. Simu za Mchina zikamiminika: za kufunua, za kuteleza, za kuzunguka, zenye laini mbili, spika kubwa na taa za rangi. Wafanyabiashara wa Kitanzania walizifuata Guangzhou na kuzishusha Kariakoo, hasa Mtaa wa Aggrey, na kutoka hapo zilipakiwa kwenye mabasi ya mikoani. Kwa mara ya kwanza kijana wa mlimani aliweza kumiliki simu yenye kifuniko cha springi ikiwa mpya, ndani ya boksi lake. Huu ulikuwa wakati wa fahari, na haifai kuubeza. Kufunua simu mbele ya wenzako mnadani, kupokea, kisha kuifunga kwa mlio, kulikuwa kusema kwamba na wewe umo duniani.

Kasoro ilikuwa ndani. Viwanda vilivyoheshimu kazi yao vilitumia chuma cha springi kilichopikwa vizuri na masikio ya bawaba yaliyotiwa chuma. Hizi za bei nafuu zilikuwa na masikio ya plastiki tupu. Fundi yeyote aliyekaa benchi miaka hiyo atakusimulia magonjwa matatu, na ataanza na lile baya. Katikati ya bawaba hupita utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba, unaounganisha kioo cha juu na ubao wa chini. Kila ukifungua, utepe unakunjwa. Vumbi likiingia, linakuwa msasa. Siku moja njia moja ya shaba inakatika, na kioo kinaonyesha mistari au kinazimika kifuniko kikifika nusu. Mteja husema simu "inawaka ukiishika hivi." Ugonjwa wa pili ni masikio kupasuka, kifuniko kikaning'inia. Wa tatu ni springi yenyewe kulegea, na huo ndio uliokuwa wa nadra kuliko yote. Chuma kilistahimili. Kilichokizunguka ndicho kilichokufa.

Milimani uliongezeka wa nne, unyevu. Simu inayolala kwenye baridi na kuamkia kwenye joto la mfuko hutoa jasho ndani, na kifuniko chenye mianya huingiza hewa hiyo hadi kwenye viunganishi vya shaba. Kutu ya kijani inafuata.

Dawa ya utepe ilikuwa utepe mwingine, ambao kwa simu zenye jina ulipatikana Kariakoo, lakini kwa simu ya Mchina isiyo na jina haukupatikana popote, kwa kuwa karakana iliyoiunda ilikuwa imeshahamia modeli nyingine. Hapo fundi aliingia kazini kwa akili yake. Alitafuta simu mfu zilizofanana, akachomoa utepe kutoka moja akautia nyingine. Aliizungushia bawaba iliyopasuka waya mwembamba na gundi. Aliposhindwa kabisa, alikifunga kifuniko kikiwa wazi moja kwa moja, simu ikageuka kuwa ya kawaida isiyojikunja, na mwenye nayo akaondoka ameridhika kwa sababu sauti ilisikika. Huo ni ubunifu wa kweli wa uhandisi, uliofanyika chini ya mwavuli kando ya soko, na hakuna hataza iliyoandikishwa kwa ajili yake.

Serikali nazo zilikuwa na neno juu ya simu hizi. Nyingi zilikuwa na namba za utambulisho za kughushi, au mamia ya simu yakitumia namba moja. Kenya ilizizima simu bandia mwaka 2012. Tanzania ilifuata: usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu bandia nchi nzima. Watu walikuwa wameshafundishwa kupiga *#06# ili waone namba ya simu zao, na asubuhi yake maelfu ya vifaa vikawa tochi na saa tu. Simu nyingi za Mchina za kufunua zilizokuwa zimesalimika na vumbi zilimalizwa na usiku ule.

2007 hadi 2018: kioo kinachukua nafasi yote

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. iPhone ilitoka mwaka 2007, simu za Android zikafuata, na vitufe vikahamia ndani ya kioo. Kama hakuna vitufe vya kufunika, kifuniko cha nini? Kioo chenyewe ndicho kilikuwa simu. Tecno, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuamua mapema kuelekeza nguvu zake Afrika, pamoja na ndugu yake Itel, zilizishusha simu janja hadi bei ambayo mkulima wa chai aliweza kuipangia. Bawaba ikatoweka, na springi iliyobaki ndani ya simu ikawa ndogo ya kitufe cha kuwashia.

Kitu cha ajabu ni kwamba kifuniko kilirudi kwa njia nyingine. Wenye simu za kioo walianza kununua makava ya ngozi bandia ya kufunua, yenye sumaku, ili kioo kisikwaruzwe na kisipigwe na mchanga. Saa ya mfukoni ingeielewa haja hiyo mara moja.

2019 hadi leo: kioo kinajikunja, vumbi linarudi

Februari 2019 Samsung ilitangaza Galaxy Fold, simu ambayo kioo chenyewe kinakunjwa, na bawaba ikarudi kuwa moyo wa simu. Ilipangwa kuuzwa Aprili. Kabla ya siku yenyewe, waandishi waliopewa za majaribio walianza kuripoti vioo vilivyoharibika. Kwenye baadhi, chembe za uchafu zilikuwa zimepenya kwenye ncha za bawaba na kukiinua kioo kutoka chini. Samsung iliahirisha uzinduzi hadi Septemba, ikaongeza vizibo kwenye ncha hizo. Mwaka uliofuata, katika Galaxy Z Flip, ikatia nyuzi fupi kama burashi ndani ya bawaba ili zifagie vumbi kila simu inapofungwa. Kampuni yenye maabara kubwa ililazimika kujifunza hadharani somo ambalo fundi wa redio wa Korogwe alilijua miaka ya themanini.

Kifuniko kinachozunguka nacho kilipata nafasi ya mwisho. Mwaka 2020 LG ilitoa Wing, simu ambayo kioo chake cha juu huzunguka robo duara na kufichua kioo kidogo chini yake, springi na kipunguza kasi vikifanya kazi ileile ya Hiptop. Aprili 2021 LG ikatangaza kuacha biashara ya simu kabisa, na tangu hapo hakuna kampuni kubwa iliyojaribu tena.

Simu za kujikunja, kwa upande wake, zinaendelea kusogea kwetu. Septemba 2023 Tecno, ambayo jina lake linajulikana hadi kwenye maduka madogo ya vijijini, ilizindua Phantom V Flip, simu ya kujikunja kama kombe kwa bei ya chini kuliko za washindani wake wakubwa. Bei ya simu hizi itaendelea kushuka, kisha zitaanza kuja za mtumba, kama RAZR zilivyokuja. Safari ya Kariakoo hadi Korogwe, na kutoka Korogwe hadi Dindira, haijabadilika.

Kilichobadilika ni gharama ya kukosea. Utepe wa simu ya mwaka 2008 ulikuwa sehemu ndogo ya bei ya simu, na fundi aliweza kuuchomoa kwenye simu mfu. Kioo kinachojikunja ni sehemu kubwa ya thamani ya simu nzima, kimegundishwa na bawaba yake, na hakizungushiwi waya wala gundi. Springi bado haitakuwa na lawama. Kitakachokufa ni kile kinachoizunguka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishawishika kununua simu ya kujikunja, iwe mpya au ya mtumba, usiishie kuifungua na kuifunga dukani mara tatu na kufurahia mlio wake. Muulize muuzaji kioo cha akiba kinapatikana wapi na kwa bei gani. Muulize kama dhamana inaihusu bawaba na vumbi, na akuonyeshe mahali palipoandikwa. Kisha, kabla ya kutoa fedha, mpitie fundi wako wa karibu umuulize kama ameshawahi kuifungua simu ya aina hiyo. Akikwambia hapana, nunua ya kioo kimoja.